Kalamu ya Namba Tisa

Kabondo, Kisangani, alasiri

Salumu mwanangu, papa,

Nimebaki darasani baada ya kuwaruhusu watoto, kwa sababu nyumbani kumejaa watu waliokuja kukuaga na hakuna meza isiyo na sahani. Wewe uko kwa koko wako, na najua bibi huyo hatakuachia mapema. Nina saa mbili hivi za mwanga wa kuandikia. Kesho lori likishaondoka utaikuta barua hii ndani ya kamusi yako. Nimechagua kamusi makusudi: ndicho kitabu ambacho hakuna mtu wa mpira atakayekuomba umwazime.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala vidonge vya malaria, wala namna ya kuishi na watu bwenini. Una miaka kumi na sita na mashati yako unayafua vizuri kuliko mimi. Nataka kukueleza jambo moja: kwa nini nilisema ndiyo.

Najua ulishangaa. Kwa miaka mitatu nimewafukuza watu wa mpira mlangoni pangu. Shule mbili za hapa mjini zilipotaka kukuhamisha, niliwajibu maneno ambayo majirani waliyacheka wiki nzima. Halafu akaja mzee yule kutoka Bunia, na koti lake la abakosti, la kijivu, na viatu vya mpira vilivyofungwa kwenye gazeti. Nikampa kiti, nikampikia chai, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimekubali. Uliporudi mazoezini na kupata habari, ulikimbia kuzunguka kiwanja chetu mara tatu. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako nje ya uzio: "Mama amelainika, mon vieux! Amelainika kabisa!"

Sikulainika, Salumu. Nimekupeleka kwa mtu ninayemchukia kuliko mtu yeyote aliye hai. Ni haki yako kulijua hilo kabla hujashuka kwenye lori, kwa maana chuki ni yangu lakini atakayeishi nayo bwenini ni wewe.

Nilipokuwa mwaka wa sita wa sekondari, shule yetu ya hapa Kisangani iliongozwa na mkuu kijana. Tulimwita Prefe, kama wakuu wa shule wanavyoitwa kwetu. Alikuwa mtu wa sauti nzuri na mikono safi. Ofisini mwake kulikuwa na kabati la kioo lililojaa vikombe vya mpira, na chini ya kabati, sakafuni, palikuwa na sanduku la karatasi ngumu lenye bulletini zetu, zile ripoti za alama za kila mwaka. Mvua ikinyesha maji yaliingia kwa chini ya mlango na kulilowesha sanduku. Vikombe havikuwahi kulowa.

Prefe alikusanya wachezaji kutoka shule zote za mji. Kijana alihamishwa katikati ya mwaka bila cheti na bila bulletini ya alikotoka. Swali la Prefe lilikuwa moja tu: anapiga kwa mguu gani? Akishajibiwa, alimweka katika darasa lolote lenye nafasi, hata kama ni madarasa mawili mbele ya lile alilotoka. Na kwa kuwa wachezaji walikuwa uwanjani asubuhi na jioni, alibuni utaratibu wake. Kila mchezaji alipewa kalamu. Sisemi kalamu ya wino. Kalamu alikuwa mwanafunzi mwenye alama nzuri, mara nyingi msichana, wa kumwandikia mchezaji kazi za nyumbani, insha, na kila kilichoweza kuandikwa mbali na macho ya mwalimu. Tulijulikana kwa namba za jezi. Yule ni kalamu ya namba nne. Yule pale ni kalamu ya kipa. Walimu walijua, wakanyamaza, kwa sababu hata wao walipenda kushinda.

Siku moja Prefe aliniita ofisini.

"Citoyenne Zawadi," akasema, kama ilivyokuwa amri siku hizo kumwita kila mtu raia, bila kuinua macho, "uko na akili ya watu wawili. Alors, moja utanikopesha."

"Nimukopeshe nani, citoyen Prefe?"

"Namba tisa. Ule wa Wagenia. Kichwa yake iko muzuri, shida ni wakati."

Nilitoka mle ofisini kama mtu aliyevishwa nishani. Nilikuwa na miaka kumi na minane, binti wa fundi cherehani, mwembamba, mkimya, ninayezungumza na vitabu kuliko na watu. Na namba tisa alikuwa namba tisa. Wasichana walikuwa wakirefusha njia ya kwenda nyumbani ili tu wapite uwanjani.

Namba tisa alikuwa baba yako, Lobela. Mambo yake mazuri nimekusimulia mengi. Unajua kwamba watu wao ni wavuvi wa maporomokoni, wale wanaosimika miti mikubwa katika maji makali na kutundika mitego yao ya vikapu. Unajua kwamba tangu utotoni alitembea peku juu ya miti iliyolowa huku mto ukinguruma chini yake, na ndiyo maana uwanjani hakuna beki aliyeweza kumwangusha. Usichojua ni kwamba alikuwa amepita shule tatu katika miaka minne. Kila shule ilimchukua katikati ya mwaka na kumpandisha darasa siku hiyohiyo, kama mtu anayerushwa juu ya ukuta. Alikuwa darasa moja na mimi, lakini alikuwa hajawahi kumaliza mwaka wowote mahali alipouanzia.

Aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, na herufi zake zililala nyuma kama watu wanaotembea kwenye upepo. Nilijifunza mwandiko wake kwa wiki moja. Tulikaa nyuma ya warsha ya papa, babu yako, mimi naandika, yeye anakula karanga na kunitazama.

"Zawadi, usiandike vizuri hivi. Mwalimu atajua."

"Basi nikosee wapi?"

"Weka makosa kwa verbe. Mimi na verbe hatusikilizane tangu zamani."

Nilicheka mpaka nikaangusha wino. Tangu siku hiyo nikawa namwekea makosa kwenye vitenzi. Nilihesabu vizuri: makosa ya kutosha ili apate sita kwa kumi, yasizidi, yasipungue. Niliamua neno lipi alijue na lipi asilijue. Nilikuwa fundi wa ujinga wake, mwanangu, na nilijivunia kazi yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku moja ya mvua kubwa mazoezi yalifutwa. Lobela alikuja na daftari lake mwenyewe, jipya, ameliweka ndani ya shati lisilowe. Akasema, "Zawadi, leo siko na match. Nifundishe hii équation ya hesabu, nione inapita wapi."

Nikamnyang'anya daftari. Nikamwambia, "Wewe achana na hii. Hii kazi yangu. Wewe funga mabao."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyegonga nyumba na kuambiwa wenyewe hawapo. Hakuniomba tena.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba siku ile nilikuwa nimechoka. Si kweli. Sikuchoka hata kidogo. Niliogopa kwamba akijua kuandika mwenyewe, mimi nitakuwa nani kwake? Watu wa mji huu walinipa makosa mengi mwaka ule, nitakuambia, lakini hili hakuna aliyelijua wala kulitaja, na ndilo kosa langu. Kuwekwa kwangu kuwa kalamu ilikuwa kazi ya Prefe. Kulikataa daftari lile ilikuwa kazi yangu mwenyewe.

Tulishinda kombe. Baba yako alifunga mabao yote mawili. Prefe alimbeba mabegani na abakosti yake ikachafuka udongo, na nilifikiri: mtu anayekubali kuchafuka hivi kwa ajili ya mwanafunzi wake hawezi kumtupa. Papa yangu alikuwa ameshona namba zote za jezi bure. Alisimama karibu nami akipiga makofi kwa mikono yake mikubwa, akisema, "Hiyo tisa niliishona mimi, unaiona inavyokaa sawa?"

Wiki tatu baadaye akaja inspekta kukagua majalada ya watahiniwa wa Mtihani wa Taifa. Akafungua jalada la Lobela. Bulletini ya mwaka wa nne haikuwamo. Ya mwaka wa tano ilikuwa nusu. Inspekta hakupiga kelele. Alimpa karatasi na kumwambia, "Kaa hapo. Andika ukurasa mmoja juu ya kazi ya baba yako."

Kazi ya baba yake! Hakukuwa na mtu katika jengo lile aliyejua zaidi yake jinsi mti unavyosimikwa katika maji makali. Angeweza kuizungumza mpaka jua lizame. Alikaa nusu saa akaandika mistari minne. Inspekta akaiweka ile mistari minne kando ya madaftari yaliyojaa mwandiko wangu wa kuigiza, akamtazama Prefe, akangoja.

Mimi sikuwemo ofisini. Haya aliniambia baba yako, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Alisema Prefe alivua miwani, akaifuta, akajibu kwa ile sauti yake nzuri: "Citoyen Inspekta, sisi pia tumedanganywa. Kuko binti moja hapa."

Nikaitwa. Niliingia nikiwa bado na matumaini, unaweza kuamini? Niliingia nikidhani amenitafuta ili nieleze. Akanitazama kana kwamba anajaribu kukumbuka ameniona wapi. "Ni huyu," akasema.

Kesho yake, mbele ya bendera, shule nzima ikiwa imepanga mistari, alitusomea kufukuzwa kwetu. Udanganyifu. Kuharibu jina la shule na la taifa. Wakati huo nilikuwa nimeshakubeba wewe, na wasichana walikuwa wameanza kunong'ona. Alipomaliza kusoma alikunja karatasi, akaongeza kwa kinywa chake mwenyewe: "Na kama munataka kujua alilipwa nini kwa kuandika, muulize tumbo yake."

Wanafunzi mia kadhaa walicheka. Papa alikuwa amesimama langoni, alikuwa ameitwa kuja kunichukua. Alisikia.

Alinitangulia njia nzima. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Tulipofika aliingia warshani. Mezani palikuwa na jezi mpya za timu, ameshona nusu yake, bure tena. Akachukua wembe, akaanza kuzifumua. Hakuzichana, Salumu. Alizifumua mshono kwa mshono, jezi moja baada ya nyingine, mpaka zikawa vipande tu vya kitambaa. Akavipiga pasi, akavikunja, akavifunga kwa uzi, akavipeleka shuleni kwa mikono yake na kuviweka kwenye kizingiti cha Prefe. Aliporudi aliniuliza kama nimekula.

Nikijiuliza nilijifunza wapi kulipiza kisasi, huona ni pale, mezani pa papa, nikiwa na miaka kumi na minane na tumbo limeanza kuonekana. Hakuna aliyefundishwa vizuri kuliko mimi.

Baba yako alikwenda Bafwasende kutafuta dhahabu. Hilo unalijua, na umekuwa ukilijua kama jambo la mtu aliyependa kwenda. Hakupenda. Hapa mjini hakuna shule iliyomtaka tena, na timu ziliposikia kwamba hana shule, hazikumtaka vilevile, kwani zilikuwa timu za shule. Baada ya miezi sita nilipokea barua yake. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa duara, mzuri, wa mtu aliyesoma. Iliniita "ua la moyo wangu" na "nyota ya alfajiri yangu". Lobela hakuwahi kuzungumza hivyo maishani mwake. Nilielewa mara moja: hata huko msituni amepata kalamu. Nilikasirika nikaichana, na sikujibu. Nilidhani ananidharau kwa kunitumia maneno ya mtu mwingine. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba hakuwa na njia nyingine ya kusema nami, na kwamba aliyeiziba ile njia nyingine nilikuwa mimi.

Ulipozaliwa, koko wako alikushika, mimi nikarudi darasani katika shule nyingine, nimekaa nyuma na watoto walionizidi kelele. Miaka miwili baadaye nikapata diploma yangu. Sasa unafahamu kwa nini sijawahi kugusa madaftari yako. Uliniuliza siku moja, ulikuwa na miaka kumi, umelala juu ya hesabu zako unalia: "Mama, unasaidia batoto ya bengine, mimi hapana. Sababu gani?" Nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jiko mpaka ukanyamaza. Pengine hilo nalo lilikuwa kosa, na pengine ulihitaji dakika tano tu. Niliogopa mkono wangu.

Sasa nije kwa ziara yenyewe, kwa sababu wewe ulikuwa mazoezini na hukusikia lolote.

Nilimtambua Prefe kwa sauti kabla sijainua macho. Nywele zimekuwa nyeupe, amenenepa, lakini sauti ni ileile. Yeye hakunitambua. Aliniita mama ya Salumu. Aliketi, akasifu chai, akasema amekuona ukicheza mashindano ya vijana na tangu siku hiyo halali.

"Na masomo?" nikamuuliza.

"Ah, mama, usihangaike na masomo. Kule kwetu kuko wanafunzi wazuri sana. Watamusaidia."

"Watamusaidia namna gani?"

"Si unajua. Devoirs za nyumba, composition. Mutoto atacheza na kichwa iko libre, bila muzigo."

"Na bulletini?"

Akacheka, akanigusa mkono. "Bulletin ni karatasi, mama. Karatasi tunapanga."

Nilikuwa nimekwisha kukata shauri la kumfukuza kwa maji ya moto. Aliposema tunapanga, nikabadili mawazo: safari hii karatasi zitakuwa mkononi mwangu. Nikaleta karatasi na kalamu ya wino, nikamwambia sawa, mtoto atakuja, lakini kwanza andika. Andika kwa mkono wako kwamba anaingia mwaka wa tano kwa haki, kwa bulletini zake. Andika kwamba bulletini halisi zinabaki kwa mama yake na wewe unapokea nakala zenye muhuri wa ofisi ya komini. Andika kwamba atafanya kila mtihani siku ileile na saa ileile na wenzake, hata kama kuna mechi.

"Mama, uko mukali kuliko inspekta," akasema, lakini alikuwa akitabasamu. Anakutaka mno. Akaandika. Alipofika kwenye jina akauliza, "Salumu nani?"

"Salumu Lobela."

Nikautazama mkono wake. Haukusita. Aliandika L, o, b, e, l, a, akaweka nukta, akapuliza wino ukauke.

Nikamwambia, "Mimi nilisoma kwenye shule yako, citoyen Prefe. Ile ya hapa."

"Ah bon! Mwaka gani?"

"Ule mulishinda kombe."

Uso wake ukafunguka. Alipiga goti lake kwa furaha. "Ile ekipi! Mama, ile ilikuwa ekipi! Siyo hizi za leo. Kulikuwa na kijana moja, namba tisa, mutu wa Wagenia, alikuwa anatembea juu ya uwanja kama hakuna mutu..." Akakunja uso, akapapasa hewa kwa vidole. "Jina yake ni nani tena? Imenipotea."

Jina lilikuwa mezani mbele yake, kwa mwandiko wake, wino bado una unyevu.

"Hata mimi nimesahau," nikasema. "Unywe chai, inapoa."

Hapo ndipo chuki yangu ilipoacha kuwaka na kuwa baridi. Kama angekumbuka, hata kwa aibu, hata kwa uongo, sijui ningefanya nini. Alitubeba, akatutupa, na hakubakiwa hata na jina. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimemshikia mwavuli.

Nikuambie na nilichokusudia, ili usije ukadhani mama yako ni mwema. Nilikusudia fainali. Nilijua kutakuwa na fainali, mwaka huu au ujao, na nilijua kwamba Prefe atakuja kukuambia uache mtihani fulani uende uwanjani, maana ndiyo tabia yake. Nilikuona umekaa chumba cha mtihani, kalamu mkononi, na yeye yuko ukingoni mwa uwanja na abakosti yake, anatazama barabara, watu elfu wanazomea, nafasi yako iko wazi. Nimeifurahia picha hiyo wiki sita. Nimekuwa nikiitafuna nikisahihisha madaftari, nikipika, nikipanga foleni ya maji. Nilitaka kukuandikia uape.

Halafu juzi nilijikuta napanga dakika. Nilikuwa nafikiri ni vizuri zaidi ucheze kipindi cha kwanza ndipo utoke, ili uchungu umzidi. Nikaweka kisu chini, nilikuwa nakata majani ya pondu, nikautazama mkono wangu. Ni mkono uleule uliopanga makosa ya baba yako, sita kwa kumi, yasizidi, yasipungue. Sikutaka tena kuamua mchezaji wa Prefe ajue nini na akose nini. Kwa hiyo hutaapa kitu. Fainali yako ni yako. Ukitaka kuicheza, icheze, na ukifunga, furahi. Mimi napenda mpira kuliko ninavyoonyesha, na unapokwenda kushoto halafu ukakata ndani huwa nalazimika kushika kitu.

Usifikiri nimesamehe. Sijasamehe na sioni haja.

Atakupa kalamu. Sisemi labda, atakupa, wiki ya kwanza au ya pili. Huenda akawa msichana mwenye daftari safi, na atafurahi kama nilivyofurahi mimi, na ukimkataa atadhani humtaki. Mkatae hata hivyo. Muulize jina lake, ulikumbuke. Ukishindwa jambo, mwombe akuonyeshe, halafu daftari lake lifunge, lako lifungue. Ukipata tatu kwa kumi ziwe tatu zako. Tatu zinaweza kuwa nne. Zile sita za baba yako hazikuweza kuwa kitu kingine chochote, siku ile mbele ya inspekta zikawa mistari minne.

Na watakuja wengine kukuhamisha. Watakuja Januari, watakuja baada ya mechi nzuri, na viatu vizuri kuliko hivi. Usiondoke katikati ya mwaka kwa ajili ya mtu yeyote, hata mtu mwema. Kila mara walipomhamisha baba yako, mwaka mmoja ulibaki njiani, na hakuna aliyerudi kuuchukua.

Lori lenu husimama Bafwasende kupakia mzigo. Dereva ameniambia ni nusu siku, wakati mwingine siku nzima. Ukitaka kushuka, shuka, umuulizie Lobela anayetumia mkono wa kushoto, wachimbaji wanajuana. Ukiona moyo hautaki, kaa kwenye lori, sitakuuliza. Ndani ya kamusi utaona karatasi nyingine, imekunjwa mara moja. Ni yake. Nimeiandika kwa maneno mafupi na herufi kubwa, kwa Kiswahili cha nyumbani, ili asihitaji mtu wa kumsomea. Unaweza kuisoma, haina siri kwako. Mwachie akae nayo peke yake. Usimsaidie hata akichelewa.

Mwanga unapungua na mlinzi wa shule amepita mara mbili akitikisa funguo. Nimalizie.

Miaka miwili, Salumu. Mfungie Prefe mabao mengi kiasi kwamba asithubutu kukuacha nje. Kila bulletini utakayopewa, nitumie halisi kwa dereva huyuhuyu, usimwachie aihifadhi yeye hata kwa siku moja. Mwisho wa mwaka wa sita, siku ya kutangaza matokeo mbele ya wazazi, mimi nitakuwa Bunia. Nimekwisha kuchagua kitenge. Nitangoja jina lako lisomwe, na asome yeye mwenyewe, Lobela, kwa sauti ile nzuri, na watu wakupigie makofi kwa alama zako. Halafu nitamwendea pale mbele, nimwambie mimi ni nani, na tumbo lile lilizaa nani. Sitapaza sauti. Atanipa kiti, atasema mama, tukae tuzungumze, atataka kujua ninataka nini. Nitamwambia sitaki kitu. Tutachukua sanduku lako, mimi upande mmoja wewe upande mwingine, tutatoka langoni bila kumuaga, na yeye abaki pale na msimu mpya mbele yake, hana mshambuliaji, hana karatasi yako hata moja ya kuficha ili urudie mwaka umchezee tena.

Soma, mwanangu. Nina hamu na siku hiyo kuliko nilivyowahi kuwa na hamu na kitu chochote.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda kwa moyo wote uliobaki,

Zawadi